Pochi ya sanduku la safari: wanavyodhani watu na ukweli wake

Ikipita picha ya Petite Malle, ile pochi ndogo ya Louis Vuitton yenye umbo la sanduku la safari, hakosi mtu wa kusema hiyo pochi ipo tangu enzi za meli za mvuke. Hapana jamani. Kampuni ndo ya zamani, ilianza Paris mwaka 1854 na masanduku ya safari, ila pochi yenyewe imeletwa na mbunifu Nicolas Ghesquière kwenye kolekisheni yake ya kwanza pale, Machi 2014, yaani ni mjukuu wa juzi tu aliyechukua sura ya babu.

Kinachoniuma zaidi ni hii ya kusema eti umbo la boksi ni mapambo. Masanduku mengi ya zamani yalikuwa na mfuniko wa mviringo ili maji ya mvua yateleze, sasa ukitaka kuyapanga moja juu ya jingine haiwezekani, ndo mwaka 1858 Vuitton akatoa la mfuniko bapa limevikwa turubai la kijivu, likapangika vizuri kwenye treni na meli. Zile kona za metali nazo zilikuwa na kazi, sanduku likitupwa kona ndo zinaumia kwanza. Ukiitazama pochi kwa karibu utaviona vyote hivyo vimepunguzwa vikaenea kiganjani, kona, kufuli mbele, na zile X tatu zilizotokana na alama ya masanduku ya Albert Kahn, yule tajiri wa benki wa Ufaransa aliyelipia wapiga picha wazunguke dunia kuanzia 1909 mpaka 1931. Mimi hapo kwenye zile X ndo napapenda kuliko pote.

Halafu wengi wanaamini ile monogramu, zile herufi LV na maua, aliichora Louis mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni. Louis alifariki 1892, monogramu ni ya 1896, kazi ya mwanae Georges, tena walikuwa wanapambana na feki tangu wakati huo!

Na sio kwamba kila yenye monogramu ni ngozi tupu. Ile ya kawaida ni turubai la pamba lililopakwa plastiki, ngozi inakaa pembeni na kwenye mkanda, kwa hiyo ukiipaka dawa ya kung'arishia ngozi pochi nzima unaichafua bure, kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha.

La mwisho, usidhani Petite Malle itatanuka ukiizoea. Kiunzi chake ni kigumu, hakitanuki, pima simu yako kabla hujanunua maana ukilazimisha mfuniko ufunge utaumiza bawaba.