Mvuke wa moto hautibu mafua ya mtoto

Mtoto akibanwa na mafua, wengi hukimbilia sufuria ya maji yaliyochemka na shuka la kumfunika kichwa, pengine na majani ya mkaratusi. Ndiyo nyungu, iliyovuma sana Tanzania mwaka 2020. Inaaminika kuwa mvuke ukizidi kuwa moto, ndivyo unavyoua virusi. Sivyo. Virusi vya mafua hukaa ndani ya chembe hai za pua na koo. Joto la kuviua huko lingeunguza kwanza nyama ya mtoto mwenyewe.

Na kuungua ndiyo hatari kubwa hapa. Sufuria hupinduka kwa teke moja, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima. Mashine za umeme zinazochemsha maji ili kutoa mvuke chumbani nazo ni hivyohivyo, hata kama boksi lina picha ya mtoto anayecheka. Ukitaka mashine, chagua inayotoa ukungu baridi. Unyevu wake hulegeza kamasi tu, hauponyi. Maji yabadilishwe kila siku, na tangi lisuguliwe na kukaushwa, la sivyo litarusha bakteria na kuvu chumbani. Kafuri usiitie.

Ila kwa mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam, sioni sababu ya gharama hiyo: hewa ya pwani imeshajaa unyevu. Matone ya maji ya chumvi ya puani, yanayouzwa duka la dawa, yanamfaa mtoto zaidi. Mbavu zikibonyea anapopumua, au akishindwa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja.