Faharasa ikihamia kwenye wavuti, namba za kurasa huenda wapi?

Kitabu kinachopelekwa kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala, huwa na orodha mbili ambazo watu huzichanganya. Ya mbele ni yaliyomo, yaani sura zinavyofuatana. Ya nyuma ni faharasa: maneno na majina yaliyopangwa kialfabeti, kila moja na kurasa linakopatikana. Yaliyomo programu huyaokota yenyewe kwenye vichwa vya sura. Faharasa ni kazi ya mtu. Lazima asome, aamue kwamba hapa mnyauko wa kahawa, ule ugonjwa wa mibuni, umeelezwa, pale umetajwa kwa kupita tu.

Uamuzi huo huachwa ndani ya matini kama alama ambayo msomaji haioni. Kwenye Word alama hiyo hubeba herufi XE. Kwenye LaTeX, programu ya kupanga vitabu kwa amri zinazoandikwa, ni amri \index. LyX, ambayo imejengwa juu ya LaTeX, huionyesha kama kisanduku kidogo katikati ya sentensi. Siku ya kuchapa, programu huzikusanya alama zote, huangalia kila moja imeangukia ukurasa gani, kisha huandika: mnyauko 14, 37–41.

Sasa igeuze hati hiyo hiyo iwe HTML, lugha ya kurasa za wavuti. Ukurasa wa 37 haupo tena. Kwenye simu maandishi hushuka moja kwa moja, na urefu wake hutegemea upana wa kioo na ukubwa wa herufi alizochagua mwenye simu. Kwa hiyo kuhamisha faharasa kwenda HTML ni kubadilisha anwani. Kila alama hupewa jina lake, tuseme id="f27", na ndani ya faharasa huwekwa kiungo kinachoelekea jina hilo: href="#f27". Ukibofya, kivinjari kinakushusha kwenye sentensi yenyewe, wakati kitabu kingekuacha juu ya ukurasa ukitafuta kwa kidole. Majina hayo yasirudiwe. Alama mbili zikiitwa f27, kivinjari kitakupeleka kwenye ya kwanza kila mara na ile ya pili haitafikiwa.

Programu hazifanyi kazi hii kwa namna moja. Niliwahi kuhifadhi mwongozo wa wakulima wa kahawa kutoka Word kuwa ukurasa wa wavuti, nikaona faharasa imetoka nzuri, nikalala. Asubuhi mkulima mmoja wa upande wa Mlima Elgon akanipigia: "Mwalimu, huo ukurasa wa 37 uko wapi? Nimeshuka mpaka mwisho wa simu." Namba zilikuwa zimebaki vile vile, wino mtupu, bila kiungo hata kimoja.

Badala ya namba kuwekwe nini? Kuna programu zinazoandika 1, 2, 3 kwa kila mahali neno lilipotiwa alama, nyingine huweka namba ya sehemu. Mimi napenda kichwa cha sehemu, kwa sababu "2" haimwambii mtu kama anapelekwa kwenye dalili za ugonjwa au kwenye dawa. Ile 37–41 nayo hupungua: kiungo huelekea mwanzo wa maelezo tu, mwisho wake msomaji atauona mwenyewe. Na "tazama" (kwa mfano, buni, tazama kahawa) haielekei kwenye matini kabisa, inaelekea mstari mwingine wa faharasa hiyo hiyo. Programu nyingi husahau kuiwekea kiungo.

Kiswahili kina mitego yake. Kitabu kiko K, vitabu viko V. Jino J, meno M. Ukitia alama neno kama lilivyo kwenye sentensi, jambo moja litagawanyika pande mbili za faharasa, kwa hiyo chagua umoja na ushikilie hapo. Halafu kuna ng'ombe. Ukimwandika kwa ritifaa (') iliyonyooka ukurasa huu na iliyopinda ukurasa ule, kwa jicho ni mnyama mmoja, kwa programu ni wawili, na kila mmoja atapata mstari wake.

Sisi wa Uganda tuna ŋ ya Luganda juu ya hayo. Neno eŋŋoma (ngoma) likihifadhiwa kwa UTF-8, utaratibu wa kisasa wa kuhifadhi herufi, lakini kivinjari kikalisoma kwa utaratibu wa zamani wa Windows, linatokea eÅ‹Å‹oma, hata kama kiungo chake kinafanya kazi. Tiba yake ni mstari mmoja juu ya faili, charset="utf-8".

Makosa ya ng'ombe na meno, lakini, usiyarekebishe ndani ya HTML. Rudi kwenye alama zilizo katika hati ya kwanza, maana ukihamisha tena wiki ijayo, faili jipya litaifuta kazi yako yote ya mkono.