Video inakwama? Usikimbilie kuongeza kifurushi

Kale kaduara kakianza kuzunguka kwenye runinga, wengi hukimbilia kulipia kasi kubwa zaidi. Mara nyingi hela hiyo inapotea bure. Netflix yenyewe inapendekeza Mbps 5 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi ya intaneti) kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili, na 15 kwa 4K iliyo kali zaidi, kwa hiyo laini ya Mbps 20 inamtosha mtazamaji mmoja. Penye shida huwa ni kati ya ruta na runinga.

Fungua fast.com, tovuti ya kupima kasi ya intaneti, kwenye kivinjari cha runinga yenyewe, si kwenye simu ukiwa umekaa kando ya ruta. Kisha chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, upime tena. Waya ukitoa 19 na Wi-Fi ikatoa 3, kifurushi hakina kosa. Ruta ikiwa sebuleni humohumo, hamia Wi-Fi ya 5 GHz, ile ya kasi zaidi ila isiyofika mbali. Kuta za matofali huidhoofisha haraka, hivyo chumba cha mbali kibaki kwenye ile ya 2.4 GHz inayofika mbali zaidi; kwenye mipangilio ya ruta chagua chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Na ruta itoke nyuma ya runinga, jamani. Hapo mawimbi yanazibwa.

Kwa waya nako ikikwama usiku tu, asubuhi ikipita vizuri, huo ni msongamano upande wa mtoa huduma. Shusha ubora hadi 720p, kisha mpigie ukiwa na vipimo vya nyakati zote mbili.