Elfu ishirini ya fomu: maneno ya mtaani kuhusu mawakala wa ajira na usaili

Nilikaa miaka sita katika ofisi ya wakala wa ajira Dar es Salaam, kwanza mapokezi, baadaye upande wa usaili. Vijana walipanda ngazi zetu na vyeti ndani ya bahasha ya kaki, na kichwani wamebeba waliyoambiwa mtaani. Vyeti kwa kawaida vilikuwa safi. Ya kichwani ndiyo yaliyowagharimu.

"Wakala usipompa kitu, hakutafutii kazi"

Hii ndiyo inayokula hela za watu kuliko zote. Wakala wa kweli anakula kwa mwajiri. Kampuni ikitaka madereva watano, inamletea sifa inazotaka. Yeye anachambua maombi, anasaili, anapeleka majina, na kampuni ndiyo inayolipa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza wakala binafsi kumtoza mtafuta kazi, iwe wazi au kwa kuzungukazunguka, isipokuwa pale nchi imeruhusu kwa sababu maalumu. TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, hamtozi mtu kwa kumsajili. Kuomba kazi ya umma kupitia Ajira Portal, mfumo wa Serikali wa maombi ya mtandaoni, nako hakuna ada.

Tatizo ni kwamba tapeli haiti hela yake rushwa. Leo ni elfu ishirini ya fomu. Kesho thelathini na tano ya vipimo vya afya. Keshokutwa ya sare. Kila mara ni kiasi kidogo, na ukishatoa cha kwanza unaona uchungu kukiacha kipotee, unaongeza cha pili. Binti mmoja wa Mbagala alitujia asubuhi moja amevaa kabisa, tayari kuanza kazi. Kwenye simu alikuwa na ujumbe wenye jina la ofisi yetu, ila namba hatuijui na nafasi yenyewe hatukuwahi kuitangaza. Alishatuma elfu hamsini na tano. Tukaipiga ile namba pale pale mbele yake: haipatikani.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata nauli, muulize wakala leseni yake iko wapi, kazi ni ya kampuni gani na anayekusaili ni nani. Mwenye kazi mkononi hakasirikii maswali hayo.

Wanaotafutiwa kazi za ndani Oman au Saudia wana lao: "mkataba mtaongea ukifika". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wa kazi ya nje ya Tanzania uwe wa maandishi. Udai uusome ukiwa bado kwenu, tena na mtu mwingine wa kukusaidia. Karatasi unayoshikishwa uwanja wa ndege, mzigo umeshapimwa na foleni iko nyuma yako, huwezi kuisoma.

"Serikalini ni kujuana tu"

Siwezi kuapa kwamba hakuna anayebebwa. Ila nimeona wengi wakiangukia mlangoni, kabla ya kukutana na mtu yeyote wa kujuana naye. Tangazo la kuitwa kwenye usaili la Sekretarieti ya Ajira, ofisi inayosaili watu wa kazi za umma, lina masharti ukurasa wa mbele, na watu wanaruka moja kwa moja kwenda kutafuta majina yao. Masharti yenyewe yanasema: njoo na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Hati ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi badala ya cheti. Uliyesoma nje ya nchi, vyeti vyako viwe vimehakikiwa na TCU (vya chuo kikuu), NACTVET (vya ufundi) au NECTA (vya sekondari). Chakula, usafiri na malazi ni juu yako.

Halafu kuna majina. Jina la baba, cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, cha kidato cha nne kinasema Said. Irabu moja tu! Wewe unajua ni baba yule yule; anayekagua pale mlangoni hana namna ya kujua, na anataka hati ya kiapo ya majina iliyosajiliwa. Hati hiyo haipatikani kwa siku moja. Panga vyeti vyako mezani leo, soma jina herufi kwa herufi, pamoja na kitambulisho cha NIDA.

"Usaili ni suti na Kiingereza"

Nguo safi yatosha. Kiingereza kama kazi inakihitaji, watakupima kwacho. Kinachoangusha watu ni swali jepesi la kwanza: "Tueleze kuhusu wewe." Mwombaji wa kazi ya stoo anaanza: nimezaliwa Tukuyu, mtoto wa nne kati ya saba, shule ya msingi nimesoma… Jopo limeshaanza kuangalia saa. Mwenzake akasema: "Nimeshika stoo ya vipuri miaka mitatu. Kila Ijumaa nilikuwa nahesabu mzigo nalinganisha na daftari, na pakiwa na pungufu nililipeleka kwa mhasibu siku hiyo hiyo." Sentensi mbili, na jopo zima likainua macho.

Na "sijui" haiui mtu. Porojo ndiyo inayoua.

"Jina halikutoka, basi nimefeli"

Kwa kazi za umma kuna usaili wa mchujo, kwa baadhi ya kada wa vitendo, kisha mahojiano. Unaweza kufaulu yote na nafasi zikawa chache kuliko waliofaulu. Majina ya namna hiyo huwekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya akiba, kwa muda maalumu, na nafasi ya kada ile ikipatikana huchukuliwa kutoka humo. Ndiyo maana tangazo la kuitwa kazini hutaja kwamba baadhi ya majina yametoka kwenye kanzidata.

Kijana mmoja niliyemsaidia kuandaa wasifu alishakata tamaa, akarudi kwao Kilosa kulima, hata kufungua akaunti yake ya Ajira Portal akaacha. Jina lake lilionwa na shemeji yake aliyekuwa akitafuta la kwake mwenyewe. Siku za kuripoti zilikuwa zimebaki nne.