Kitunguu hakitambui uyoga wenye sumu

Mvua zikianza Mbeya na Iringa, ujumbe ule ule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: uyoga mdogo unaoota juu ya mavi ya ng'ombe unaliwa, mradi umeliwa na wadudu na kitunguu kilichochemshwa nao hakikugeuka cheusi.

Si kweli. Konokono hula uyoga unaoua binadamu na kuendelea na safari zao. Kitunguu nacho hubadilika rangi kwa sababu zake, na hakina namna ya kuhisi sumu. Baadhi ya sumu kali haziondoki hata uchemshe mpaka maji yakauke.

Nadhani imani hii hudumu kwa sababu wengi walikula uyoga usio na madhara, kitunguu kikabaki cheupe, wakakipa sifa. Tena uyoga mbaya kuliko yote huweza kukaa saa 6 hadi 12 kabla ya kutapisha, hivyo lawama huangukia chai ya asubuhi.

Ukitaka kuutambua, laza kofia yake juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa glasi usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi lililodondoka kutoka kwenye kofia hiyo. Uyoga mwembamba wa kwenye samadi aina ya Panaeolus huacha vumbi jeusi. Uyoga wa kichuguu, ule mtamu, huacha la waridi. Lakini rangi hiyo husaidia kujua jamii tu, si kibali cha kuupika.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Na aliyekwisha kula akaanza kuumwa apelekwe hospitali na mabaki ya uyoga mkononi.