Soketi: mpaka kati ya kuboresha kompyuta ya gemu na kuibadilisha

Soketi ni kile kitako cha mraba kwenye ubao mama ambapo prosesa, ubongo wa kompyuta, hukalishwa. Ukifungua kompyuta ya mezani huioni, kwa sababu imefunikwa na prosesa, na prosesa nayo imefunikwa na feni yake. Ndiyo maana wengi huulizia bei za RAM (kumbukumbu ya muda) na kadi za grafiki (zinazochora picha za gemu) bila kujua soketi yao ni ipi, ilhali hiyo ndiyo inayosema kama mashine bado ina pa kwenda.

Kila soketi hupokea familia fulani tu ya prosesa, na jina lisikudanganye. LGA 1151, soketi ya kampuni ya Intel, ilitoka mwaka 2015. Prosesa za kizazi cha nane, za mwaka 2017, zina idadi ileile ya migusano, 1151, na zinakaa mahali pake vizuri, lakini kwenye ubao wa mwanzo hazifanyi kazi. AMD, washindani wao, walikwenda njia nyingine. Aliyenunua prosesa yao ya Ryzen ya kwanza mwaka 2017, yenye soketi ya AM4, aliweza miaka mitano baadaye kupachika Ryzen 7 5800X3D kwenye ubao uleule, mradi mtengenezaji wa ubao awe ametoa BIOS mpya (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta) na yeye awe ameiweka kabla ya kung'oa prosesa ya zamani. Huko ndiko kuboresha hasa.

Soketi ikifika kikomo, prosesa mpya inadai ubao mpya, na ubao mpya mara nyingi unadai RAM mpya. Vizazi vya RAM, yaani DDR3, DDR4 na DDR5, haviazimani nafasi. Mkato kwenye ukingo wa kila kimoja uko mahali tofauti. Prosesa, ubao na RAM vikitoka kwa pamoja, umenunua kompyuta nyingine ndani ya kasha la zamani, na ni vema uipigie hesabu hivyo tangu mwanzo.

Sisi wa Dodoma tunajua kuhama. Ukitoka chumba cha kupanga Chang'ombe kwenda Makulu, kitanda na friji vinapanda kirikuu, lakini vigae ulivyotandika kwa hela yako vinabaki kwa mwenye nyumba. Kompyuta iko vivyo hivyo. Kadi ya grafiki haitegemei soketi, kwa hiyo itahamia mashine ijayo. SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, itahama pia, na pawa saplai nzuri ya saizi ya kawaida vilevile. RAM ya DDR3 na prosesa ya soketi iliyokufa ni vigae. Kwenye mashine ya zamani, pesa nzito iende kwenye vitu vinavyohama.

Ila kabla ya kutoa hata shilingi, safisha. Kiangazi cha huku, upepo unapoanza kubeba vumbi jekundu, mapezi ya kupozea prosesa huziba kabisa, na ile dawa ya joto iliyopakwa chini yake hukauka kwa miaka. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Gemu linaanza kukatakata, mwenye mashine anadhani imezeeka. Nimeona mashine nyingi zilizohukumiwa kwa uzee wakati kosa lilikuwa la vumbi, na hilo huniuma, maana anayeuza kwa bei ya kutupa huwa ni mwanafunzi.

Jambo la Windows nalo lipo. Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), kwa hiyo prosesa za zamani zaidi ya hapo hazikubaliki rasmi.

Mdogo wangu mmoja anayesoma UDOM aliniletea mtumba wa ofisini, Core i5 ya kizazi cha nne, soketi LGA 1150, RAM ya DDR3. "Kaka, nimepata i7 ya kizazi hichohicho na RAM ya kufikisha GB 16, ninunue?" Nilimwambia hapana: vyote viwili ni vigae. Tuliisafisha, tukapaka dawa mpya, tukaondoa diski ya zamani (hard disk) na kuweka SSD. Pawa saplai yake haikuwa na waya wa ziada wa kadi, na tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75 tu, kwa hiyo tulitafuta GTX 1650 ya aina isiyohitaji waya huo, fupi ya kuingia kwenye kasha lile jembamba. Sasa anacheza mpira na wenzake bila kuganda, na hela ya ile i7 ameiweka kando kwa ajili ya ubao wa AM4.