Usisubiri maumivu yaishe ndipo kijana alale

Wazazi wengi wanaoniletea kijana mwenye maumivu ya muda mrefu huwa wameshajiwekea utaratibu: kwanza maumivu yatibiwe, usingizi utarudi wenyewe. Mimi ni mwanasaikolojia wa tiba, na kila siku nakaa na vijana wanaoumwa kichwa, tumbo, mgongo au viungo kwa miezi mingi, wengine miaka. Mara nyingi naugeuza utaratibu huo. Naanza na usingizi, maumivu yakiwa bado yapo.

Maumivu yakidumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3, tunayaita maumivu sugu. Mara nyingi kufikia hapo hayatoi tena habari ya jeraha fulani mwilini. Mfumo wa neva umekuwa mwepesi mno kushtuka, na jambo dogo unalipokea kama hatari kubwa. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Kijana hajifanyi, wala hadeki.

Usingizi mzuri huutuliza mfumo huo, na kuukosa huuchochea. Mwaka 1975 mtafiti wa usingizi Harvey Moldofsky na wenzake huko Kanada waliwavuruga kwa kelele watu wenye afya njema kila walipoingia kwenye usingizi mzito. Siku chache tu za hali hiyo zilitosha watu hao kuanza kuumwa misuli. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba usiku mbaya na maumivu huzaana pande zote mbili, ila usiku mbaya hutabiri maumivu ya kesho yake kwa uhakika zaidi kuliko maumivu yanavyotabiri usiku mbaya. Ndiyo maana siwezi kukubali kuuacha usingizi usubiri zamu yake.

Kwa kijana kuna jambo la ziada. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele: melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa. Mtoto aliyekuwa akisinzia saa 3 usiku sasa yuko macho makavu saa 5, na bado anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Shule haimsubiri. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza masomo ya vijana yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, kwa sababu hiyo hasa. Kwa hiyo unapomwita kijana mvivu kwa sababu haamki, unamlaumu kwa kazi ya homoni zake.

Sasa weka maumivu juu ya hali hiyo. Chukua msichana wa miaka 15 anayeumwa kichwa karibu kila siku. Anarudi shuleni hoi, anajitupa kitandani saa 10 jioni, anazinduka saa 1 usiku. Anafanya kazi za shule akiwa hapo hapo kitandani, anakula hapo hapo, anachati na wenzake hapo hapo. Saa 5 anazima taa na hapati hata lepe la usingizi. Giza likitanda na kelele zikitulia, kichwa ndicho kinachobaki kusikika, basi anashika simu ajisahaulishe. Anapitiwa na usingizi saa 8 usiku. Jumamosi analala hadi saa 6 mchana kufidia, na Jumapili usiku mambo yanakuwa mabaya kuliko mwanzo. Ukimwuliza, atakwambia kichwa ndicho kinachomnyima usingizi. Anasema kweli, lakini ni nusu ya habari.

Kwa kijana kama huyu, kitu cha kwanza ninachogusa ni saa ya kuamka. Wazazi hushangaa, maana vita vyao nyumbani ni vya saa ya kulala. Lakini hakuna anayeweza kujiamuru asinzie. Kuamka kunawezekana kuamuliwa. Tunachagua saa moja ya kuamka, na wikendi haizidi hapo kwa zaidi ya saa 1. Akiamka anafungua pazia au anatoka nje, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoirudisha nyuma saa ya mwili. Usingizi wa mchana ukishindikana kuepukwa, uwe wa dakika 20, tena kabla ya saa 9 alasiri. Wiki ya kwanza atachoka zaidi, na maumivu yanaweza kupanda kidogo. Nawaambia familia mapema, kwa sababu wengi hukata tamaa hapo hapo, siku chache kabla mambo hayajaanza kutulia.

Kisha kitanda. Kitanda kinachotumika kwa masomo, simu na kuugulia huufundisha ubongo kwamba hapo ni mahali pa kukaa macho. Tunahamisha mambo hayo yote, hata kama ni kwenye mkeka pembeni ya chumba kile kile. Kijana apande kitandani akiwa na usingizi, si kwa sababu saa imefika. Akikaa kama dakika 20 akijigeuzageuza, ainuke, aketi kwenye mwanga hafifu, afanye kitu kisichomchangamsha, arudi macho yakilegea. Asitazame saa: kuhesabu muda uliobaki kabla ya alfajiri huongeza hofu, na hofu hukaza misuli.

Akiamshwa na maumivu usiku, asipambane nayo. Avute pumzi taratibu, aitoe kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, akilegeza taya, mabega, kisha mikono. Mazoezi haya huanzwa mchana, maumivu yakiwa madogo. Ukiyajaribu kwa mara ya kwanza saa 9 usiku ukiwa na maumivu makali, utasema hayafanyi kazi.

Mchana nao una sehemu yake. Vijana hawa siku wakijisikia vizuri hufanya kila kitu kwa pupa, kisha hulala siku mbili wakiugulia. Nawataka wapime kazi kwa muda, si kwa maumivu: kama dakika 15 za kutembea zinawezekana hata siku mbaya, basi ni dakika 15 siku mbaya na siku nzuri, na zinaongezwa kidogo kidogo. Kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa, chai na baadhi ya soda, iachwe kuanzia mchana. Dawa za kawaida za kutuliza maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa, hivyo mwambie daktari ukweli kuhusu idadi.

Nanyi wazazi, nawaomba jambo gumu. Punguzeni kuuliza "bado inauma?" kila asubuhi. Najua ni mapenzi, lakini swali hilo humrudisha kijana kuyachunguza maumivu hata alipokuwa ameanza kuyasahau. Mwulizeni leo ana mpango gani.

Dalili nyingine hazifai kungojea mpango wa usingizi. Zinahitaji daktari kwanza: homa, kupungua uzito, viungo kuvimba au kukakamaa asubuhi, mguu kufa ganzi au kulegea, maumivu ya mahali pamoja yanayomwamsha usiku baada ya usiku, kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika. Kukoroma kwa nguvu na pumzi kukatika usingizini nako kuchunguzwe, vivyo hivyo miguu isiyotulia usiku, ambayo mara nyingine hutokana na upungufu wa madini ya chuma. Na kijana akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Pelekeni siku hiyo hiyo kwa mtaalamu.